Chuo Kikuu Kinavyopima Moshi Wake: Niliyojifunza Marshalltown



Mjukuu wangu anasoma Johannesburg, katika chuo kikuu kilichoko Braamfontein, na amepanga chumba Marshalltown, upande wa pili wa reli, katika jengo lililokuwa la ofisi zamani. Nilipokwenda kumtazama nilimkuta ameinamia kompyuta na uso wa mtu aliyepoteza funguo. "Babu," akaniambia, "wewe si ulikuwa karani? Hebu nitazamie hesabu hii, imekataa kukaa." Kumbe mwalimu wao amewapa kazi ya kuhesabu gesijoto zote zinazotokana na idara yao kwa mwaka mzima, kisha waseme ingegharimu kiasi gani kuzifidia. Nilicheka. Maishani nimehesabu magunia, mapipa, boriti na mifuko ya posta, lakini moshi sikuwahi kuombwa kuuhesabu.

Nilikaa naye wiki tatu, na nikaona kwamba kazi yenyewe si ngeni hata kidogo. Ni ile ile niliyofunzwa na mapadri nikiwa kijana: safu ya kushoto, safu ya kulia, na stakabadhi nyuma ya kila tarakimu. Naandika haya kwa sababu watoto wetu wengi walioko vyuoni watakutana nayo. Na kuna sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Huko pwani kwetu wamekuja watu wenye mikataba ya "kaboni", wanatafuta mashamba na misitu, na ndugu zetu wanapiga simu Maskati na Dubai kuuliza watie saini au wasitie.

Nianze na mahali penyewe, maana pana uhusiano na hesabu. Marshalltown ni mtaa wa katikati ya Johannesburg, upande wa kusini, na jina lake limetokana na Henry Brown Marshall, aliyeuanzisha miaka ile ile ya 1880 dhahabu ilipogunduliwa. Makampuni ya madini yalijenga makao yao hapo. Main Street namba 44 lipo jengo la mawe, zito kama ngome, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa makao ya Anglo American, na kandokando ya barabara hiyo wameweka mitambo ya zamani ya migodi ili watu waitazame. Simmonds Street namba 5 ipo Standard Bank. Walipokuwa wakichimba msingi wa jengo hilo mwaka 1986 walikutana na pango la mgodi wa zamani wa Ferreira, na limehifadhiwa mpaka leo chini ya benki, na mwamba wake uliochongwa kwa sururu. Benki imekaa juu ya shimo la dhahabu!

Dhahabu ilitaka nguvu. Maji yavutwe, mawe yapandishwe, hewa iteremshwe maelfu ya futi chini. Nguvu hiyo ilitoka kwenye makaa ya mawe, ambayo hayako mbali, upande wa mashariki, kwenye mji uliokuwa ukiitwa Witbank na sasa eMalahleni, yaani mahali pa makaa. Shirika la umeme, Eskom, lilianzishwa mwaka 1923, na hata leo zaidi ya robo tatu ya umeme wake hutokana na makaa hayo. Kwa hiyo mwanafunzi akiwasha taa Johannesburg, kila yuniti moja ya umeme, ile inayoandikwa kwenye bili, ina karibu kilo moja ya hewa ya ukaa nyuma yake. Kenya, ambako umeme mwingi hutoka kwenye mvuke wa ardhi wa Olkaria, kwenye maji na kwenye upepo, mzigo wa yuniti hiyo hiyo ni mdogo sana. Kwetu Omani umeme mwingi ni wa gesi asilia, ambayo hutoa kama nusu ya yale ya makaa ya mawe, na sasa jua limeanza kuingia, kule Ibri na Manah. Taa ni ile ile, na kijana anasoma kitabu kile kile, lakini hesabu inabadilika kwa kuvuka mpaka tu.

Kanuni inayofuatwa na vyuo, makampuni na miji duniani ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2001 na World Resources Institute ya Washington pamoja na baraza moja la wafanyabiashara wa kimataifa. Inagawa mambo katika mafungu matatu. Nilimwambia mjukuu wangu ayaite makapu, akili itatulia.

Kapu la kwanza ni kile ambacho chuo chenyewe kinakichoma au kukivujisha: dizeli ya jenereta, petroli ya magari yake, gesi ya jikoni. Lita moja ya dizeli hutoa kama kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Ndani ya kapu hili hili imo gesi ya viyoyozi na majokofu, na hapa watu wa Ghuba tutege masikio. Gesi zote hubadilishwa ziwe sawa na hewa ya ukaa, kama tunavyobadilisha shilingi, riali na dirhamu ziwe sarafu moja kabla ya kujumlisha. Kilo moja ya methani huhesabiwa kama kilo 28 hivi. Lakini gesi ya R-410A, iliyomo katika viyoyozi vingi vya nyumba zetu, kilo yake moja ikivuja ni kama kilo 2,000 za hewa ya ukaa. Tani mbili! Fundi anayekuja kila msimu "kuongeza gesi" bila kutafuta inapovujia anaongeza na mzigo huo, nasi tunamlipa.

Kapu la pili ni umeme ulionunuliwa. Johannesburg hili ndilo linalovunja mgongo.

Kapu la tatu ni yote yaliyobaki, na ndipo ugomvi ulipo: wanafunzi na walimu wanavyokuja na kurudi, safari za ndege za mikutano, karatasi, chakula, taka, saruji ya majengo mapya, hata pesa za mfuko wa chuo zilikowekezwa. Hilo la mwisho linahusu benki zaidi kuliko vyuo, lakini nililifikiria kila nilipopita Simmonds Street, kwa sababu Standard Bank ni mmoja wa wakopeshaji wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Mafuta yatakayopita Tanga yamo kwa sehemu fulani katika daftari la jengo la Marshalltown. Iwapo yaandikwe humo, na kwa kiasi gani, wahasibu bado wanabishana.

Makapu haya yana hila yake. Miaka ya mgao wa umeme, na mwaka 2023 ulikuwa mbaya kupita yote, Eskom ilikata umeme saa kadhaa kwa siku na watu wakawasha jenereta. Ukitazama kapu la pili peke yake utasema chuo kimejirekebisha, umeme umepungua. Ukitazama la kwanza unakuta dizeli imepanda. Kitu kimehama safu tu. Karani yeyote aliyewahi kukagua hesabu za duka la jumla anaujua mchezo huo.

Sasa tuone hesabu halisi ya chuo halisi. Katika nchi hiyo hiyo, Chuo Kikuu cha Cape Town kilihesabiwa na watafiti wake wenyewe kwa mwaka 2007, na matokeo yakachapishwa 2011. Jumla ilikuwa tani zipatazo 83,400 za hewa ya ukaa na gesi zilizolinganishwa nayo, yaani kama tani nne kwa kila mwanafunzi. Nishati ya majengo ilikuwa asilimia 81, usafiri asilimia 18, bidhaa na huduma asilimia 1.

Nilizisoma tarakimu hizo mara tatu. Asilimia 81 sikushangaa, ni makaa ya mawe yale yale. Lakini asilimia moja ile ya bidhaa na huduma niliitilia shaka. Chuo chenye maelfu ya watu kinanunua kompyuta, vitanda, nyama, dawa za maabara, mabati, rangi. Kapu la tatu likionekana jepesi, mara nyingi si kwamba halina kitu, bali halijajazwa. Siwalaumu. Mita ya umeme ina tarakimu zake na bili huja kila mwezi, lakini nani ana stakabadhi ya hewa iliyotoka kiwandani wakati kiti cha plastiki kinatengenezwa? Mtu hupima kinachopimika. Muhimu ni aseme wazi alichokiacha nje, na wale watafiti wa Cape Town angalau waligawa mafungu yao bayana, mgeni kama mimi anaweza kuona penye pengo.

Shida ya mjukuu wangu ilikuwa ndogo kuliko hiyo. Jengo lao lina mita moja na idara tatu. Tukagawa kwa ukubwa wa vyumba, futi kwa futi, tukaandika pembeni kwamba tumegawa hivyo. Kisha nikagundua kwa nini hesabu yake haikai: safari moja ya ndege ya mwalimu ameiandika mara mbili, mara kwenye orodha ya safari za walimu, na mara kwenye malipo ya idara. Nikamwambia, "Mwanangu, kosa hili mimi na wewe tumerithishana."

Nilipoanza ukarani Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kazi yangu bandari ya kale ilikuwa kuandika miti ya mikoko iliyopakiwa kwenye majahazi ya kuja huku Ghuba. Tuliihesabu kwa korja, na korja moja ni miti 20. Kulikuwa na fito, pau, mazio, boriti na nguzo, kila mmoja na unene wake na bei yake. Wazee wetu waliojenga Suri, Maskati, Bahrain na Kuwait waliezekea miti hiyo, Waarabu wakiita chandali, na upana wa vyumba vya nyumba zile za kale ulifuata urefu wa boriti za kutoka Lamu na Rufiji. Basi mwezi mmoja mzigo mmoja ukaandikwa mara mbili, kule Lamu ulikotoka na Mombasa ulipohamishiwa chombo kingine, na karatasi zikaonyesha korja ambazo hazikuwahi kuota popote. Tajiri wangu alitaka kunikata mshahara wote. Alinikata nusu.

Nimekumbuka daftari lile kwa sababu nyingine pia. Lilikuwa na safu ya idadi, ya aina, ya bei, ya jina la nahodha. Safu ya miti iliyobaki mwituni haikuwamo, na hakuna aliyeniuliza.

Siku hizi safu hiyo imeanza kuandikwa, na ndipo tunafika kwenye fidia. Wazo lenyewe ni jepesi. Chuo kinapima, kinapunguza kinachoweza, na tani zinazobaki kinalipia mtu mahali pengine azuie au afyonze tani kama hizo. Mfano ulio karibu nasi uko Gazi, Kaunti ya Kwale, mwendo wa gari usiofika saa mbili kusini mwa Mombasa. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko chini ya mradi uitwao Mikoko Pamoja. Walianza kuuza tani mwaka 2013 na kidogo, chini ya utaratibu wa Plan Vivo, na wanauza kama tani 3,000 kwa mwaka. Pesa zimeingia kwenye maji ya bomba na mahitaji ya skuli, na wanakijiji ndio wanaokaa na kuamua zifanye nini. Mwaka 2017 mradi ulipata tuzo ya Umoja wa Mataifa iitwayo Equator Prize. Mikoko inafaa kwa kazi hii kwa sababu sehemu kubwa ya kaboni yake haimo kwenye mti unaouona, imo kwenye tope chini ya mizizi, na tope lisipochimbuliwa huihifadhi miaka na miaka. Mti niliouandika kwa korja uende Ghuba, leo unauzwa ukiwa umesimama, na mnunuzi haubebi.

Lakini fanyeni hesabu pamoja nami. Tani 83,400 gawanya kwa 3,000. Jibu ni karibu 28. Chuo kimoja, kwa mwaka mmoja, kinahitaji Gazi 28. Na mwaka ujao kinahitaji tena 28. Ukigeuza upande wa pili, jasho la vijiji viwili linafidia wanafunzi 750 tu wa Cape Town wa wakati ule. Mjukuu wangu alinyamaza tulipofika hapo. Alikuwa amekwisha kuandika katika rasimu yake kwamba chuo "kitapanda miti".

Kuna maswali ambayo mnunuzi wa tani lazima aulize, na muuzaji aliye mwaminifu hayakimbii. La kwanza ni hili: bila pesa hizi, jambo lisingefanyika? Chuo kidogo cha Marekani, College of the Atlantic huko Maine, kilitangaza mwaka 2007 kwamba kimefuta uzito wake wote wa hewa ya ukaa. Sehemu ya fidia yake ilitoka kwenye mradi wa kupanga upya taa za barabarani Portland, Oregon, magari yasisimame ovyo na kuunguza petroli. Mradi mzuri. Lakini mji wowote wenye foleni unataka kupanga taa zake. Je, wasingezipanga hata hivyo? Kama wangezipanga, chuo kimelipia kitu ambacho kingekuja bure, na moshi wa chuo umebaki palepale hewani.

Swali jingine ni la muda. Hewa iliyotoka kwenye makaa ya eMalahleni hubaki juu kwa mamia ya miaka. Msitu unaweza kuungua kesho, au ukakatwa na mrithi asiyeujua mkataba. Tena kuna suala la kusukuma tatizo: ukizuia kukata mikoko Gazi, wakataji wakahamia kijiji cha pili, umepata nini? Miradi mizuri hupanda na miti ya kuni kando, mivinje na mingineyo, watu wapate fito na kuni zao bila kuingia mikokoni. Na mwisho ni ile dhambi yangu ya bandarini, kuandika mzigo mara mbili. Tani ikiuzwa kwa chuo cha Ulaya, na serikali ya nchi ya msitu nayo ikaihesabu kwenye ahadi zake, korja hewa imezaliwa. Ndiyo maana kila tani huwa na namba yake kwenye sajili, na ikishatumika hufutwa isiuzwe tena, kama stempu iliyogongwa muhuri. Tanzania imeweka kituo chake cha taifa cha kufuatilia kaboni katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na mimi naona ni mahali pazuri pa kuiweka kazi hiyo, karibu na watu wa misitu.

Afrika Kusini yenyewe haikuiachia fidia mlango wote. Sheria yake ya kodi ya kaboni ilianza tarehe 1 Juni 2019 kwa randi 120 kwa tani, na wakati huo kampuni iliruhusiwa kutumia fidia kupunguza asilimia 5 au 10 tu ya mzigo wake, kutegemea shughuli zake. Kodi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya vyuo, ni ya wachomaji wakubwa, lakini mjukuu wangu alitaka kipimo cha pesa, tukajaribu. Tani 83,400 kwa randi 120 ni randi milioni 10 na kidogo. Kwa kiwango cha 2025, randi 236, inakaribia milioni 20. Wakubwa wakiona milioni wanaelewa haraka kuliko wakiona tani.

Na hapo ndipo tulipogeukia mapaa. Kilowati moja ya paneli za jua Johannesburg, ambako mbingu ni safi majira ya baridi, huzaa yuniti zipatazo 1,700 kwa mwaka. Kwa umeme wa makaa, hiyo ni kama tani 1.7 zisizotoka kabisa, na hakuna msitu wa kulindwa wala sajili ya kukaguliwa. Kilowati mbili za paneli huondoa karibu mzigo wote wa mwanafunzi mmoja wa hesabu ile ya 2007. Kwa maoni yangu chuo chenye paa tupu hakina haki ya kwenda kununua msitu wa mtu.

Nirudi kwa wanaopiga simu. Mwaka 2023, kabla ya mkutano wa COP28 uliofanyika Dubai, kampuni ya Dubai iitwayo Blue Carbon ilitia saini makubaliano ya awali na serikali kadhaa za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Zambia, Zimbabwe na Liberia. Kwa Liberia peke yake ilitajwa hekta kama milioni moja. Linganisheni na hekta 117 za Gazi! Sisemi kila mkataba ni mbaya. Nasema mkataba wa kaboni ni wa miaka mingi, mara nyingi unapita umri wa anayeutia saini, na ardhi nyingi ya pwani ni ya urithi, majina ya wenyewe yako Maskati, Sharjah, Doha, wala hawakuulizwa. Kenya ilibadilisha sheria yake ya tabianchi mwaka 2023: mradi wa ardhi ulioko kwenye ardhi ya jamii lazima uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka baada ya gharama, na ile isiyo ya ardhi asilimia 25. Basi ukisomewa mkataba kwenye simu, uliza asilimia iko ukurasa gani, "gharama" anazijumlisha nani, miaka ni mingapi, na tani zitaandikwa kwenye sajili gani. Mtu akikujibu "mzee, hayo ni ya kitaalamu", mwambie akutumie karatasi, na usitie kitu mpaka umeisoma kwa miwani yako mwenyewe.

Kuna jioni moja nataka kuitaja. Tulikuwa tukirudi nyumbani kwa miguu tukapita Albert Street, namba 80. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 2023 jengo hilo liliungua na watu wasiopungua 76 wakafa. Walikuwamo Waafrika Kusini, Wamalawi, na Watanzania pia, watu waliokuwa wakizungumza lugha hii yetu kwenye ngazi za jengo lile. Ni mali ya manispaa, na tume ya Jaji Sisi Khampepe iliilaumu manispaa hiyo. Wakati wa ubaguzi ndiyo ilikuwa ofisi ya pasi: Mwafrika alipanga foleni hapo kuomba ruhusa ya kufanya kazi mjini, na makarani, watu wa kazi yangu, wakaandika jina lake au wakalikataa. Tulisimama kidogo, tukawaombea.

Mjukuu wangu akauliza, "Babu, watu kama hawa wangekuwa na tani ngapi?" Nikamjibu kwamba anayeishi kwa mshumaa na jiko la mafuta ya taa hana kapu zito. Lakini swali lake lilinifanya nimuulize langu. Ile orodha ya maswali aliyoituma idarani, ya nani anakuja chuoni kwa chombo gani, aliituma vipi? Kwa barua pepe, akasema. Na wanaofagia idara, wanaokaa getini usiku, wana barua pepe ya chuo? Hakujibu.

Kesho yake alikwenda mapema, akawakuta wafagiaji wanakunywa chai. Alirudi na majina matano na safari zao. Mmoja hupanda teksi mbili, zile basi ndogo zao, tangu saa kumi na moja alfajiri, kwenda na kurudi, siku sita. Hakuna aliyekuwa amewahi kumuuliza. Tukaongeza mistari mitano kwenye kapu la tatu na jumla ikasogea kidogo.

Ukabaki mstari mmoja. Mimi nilitoka Maskati kwa ndege, nikabadilisha Dubai, na kwenda na kurudi ni zaidi ya tani moja ya hewa ya ukaa, nje ya kila kitu idara yake iliyoniuliza. Akataka kujua aiandike au aiache. Nikamwambia tiketi nimelipa mimi, basi aiweke chini kabisa, kwa jina langu, na aandike kwamba haijafidiwa.